Kisiwa Kisicho na Sheha

Miongoni mwa mambo ambayo wakubwa wa nchi huwa wepesi kuyapuuza ni yale yaliyopewa jina la mchezo. Mtu akisikia mchezo huwaza watoto, huwaza bao na dhumna barazani, kisha hugeukia mambo aliyoyahesabu kuwa na maana zaidi. Mchezo tunaotaka kuuzungumza leo, hata hivyo, si wa watoto kwa kauli ya wenyewe wanaouuza: katika nchi za Ulaya umebandikwa alama ya miaka 18, na huko Marekani umetajwa kuwa unawafaa waliotimiza miaka 17 na kuendelea. Jina lake ni Rust, neno la Kiingereza lenye maana ya kutu. Huchezwa kwa kompyuta kwa njia ya intaneti, na tangu mwezi wa Mei 2021 huchezwa pia kwa mashine za michezo zinazofungwa kwenye televisheni. Sisi watu wa visiwani tuna sababu ya pekee ya kuutazama, kwani mambo yake yote hutokea kisiwani.

Wenye kuutengeneza ni kampuni ya Kiingereza iitwayo Facepunch Studios, iliyoanzishwa na Garry Newman katika mji wa Walsall. Bwana huyo alikwisha kujulikana kwa kazi yake nyingine, Garry's Mod, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006. Rust ulitolewa kwa wanunuzi mwezi wa Disemba 2013 ungali haujakamilika, ukawa unajengwa huku watu wanaucheza na wameshaulipia, na haikutangazwa kuwa umekamilika mpaka tarehe 8 Februari 2018. Hapo awali kisiwani mlikuwa na maiti watembeao, kwa kuufuata mtindo wa mchezo mwingine, DayZ, uliokuwa ukivuma wakati ule. Maiti wale waliondolewa. Yaonekana iligunduliwa kwamba wanaadamu wanatosha kutishana.

Mchezaji huamka ufukweni yu uchi, mkononi ana jiwe na mwenge. Hapana hadithi ya kuifuata, hapana kazi aliyopangiwa na hapana mwisho wa kuufikia. Ana njaa, ana kiu, na usiku ukiingia ana baridi. Kwa jiwe lile atagonga mti apate kuni, atagonga mwamba apate mawe, na kwa vitu hivyo viwili atajitengenezea shoka, kisha upinde, kisha kibanda. Kisiwani humo humo wamo wenziwe mia moja, mia mbili au zaidi, kila mmoja ni mtu wa kweli aliyeketi mbele ya mashine yake katika nchi yake. Yeyote kati yao aweza kumsaidia, aweza kumpita, na aweza kumuua akachukua alichonacho. Mwenye kuuawa huamka tena ufukweni na jiwe lake.

Tuanze na sifa zake, maana haki ni kukipa kila kitu stahiki yake, na mchezo huu unazo sifa ambazo wakosoaji wengi wasioujua hawazitaji.

Sifa ya kwanza ni heshima unayoipa kazi. Hapana anayezaliwa tajiri katika kisiwa kile. Nyumba huanza kwa fito, na fito hizo huanguka kwa pigo jepesi. Mwenye bidii ataibadilisha iwe ya mbao, kisha ya mawe, kisha ya mabati mazito, na mwisho ya chuma kilicho bora. Kila hatua ina gharama yake ya kuchimba, kubeba na kuyeyusha madini kwenye tanuri. Tena nyumba hiyo haikai milele kwa kuwa imekwisha kujengwa. Ndani yake lazima liwepo kabati la zana, na ndani ya kabati lazima iwekwe akiba ya kuni, mawe na chuma kwa ajili ya matengenezo. Akiba ikimalizika jengo huanza kuoza lenyewe, ukuta baada ya ukuta. Afisa yeyote aliyewahi kukabidhiwa majengo ya umma ataona hapa jambo analolijua vyema: mkutano wa ufunguzi ni siku moja, na matengenezo ni kila siku. Tungependa baadhi ya wakandarasi wetu wacheze sehemu hii peke yake kwa wiki mbili.

Sifa ya pili, nayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa, ni umeme na kilimo. Mchezaji aliyekwisha kupata makazi aweza kufunga paneli za jua au kinu cha upepo, akavuta waya hadi kwenye betri, na kutoka kwenye betri akagawa umeme kwa taa, milango, pampu za maji na mitambo ya ulinzi. Umeme huo una hesabu. Kila kifaa hula kiasi maalumu, na ukigawa waya mmoja katika njia tatu kila njia hupata theluthi yake, basi aliyepanga vibaya huona taa zinawaka na pampu imekufa. Vipo vifaa vya kuchelewesha umeme kwa muda, vya kuuruhusu upite iwapo nyaya mbili zote zina umeme, na vya kuukubali iwapo mmoja tu unao. Fundi wa kweli atatambua kwamba huu ndio msingi wa mantiki inayoendesha kompyuta yenyewe. Kijana aliyekaa skuli miaka minne akisoma saketi ubaoni bila ya kushika waya aweza kuielewa kazi ya betri kwa usiku mmoja, kwa sababu usiku ule mlango wake ulishindwa kufunguka.

Kwa upande wa kilimo, tangu mwaka 2020 mimea ya kisiwa kile imepewa urithi. Kila mche una herufi sita zinazoonyesha tabia zake: upo wenye kukua upesi, upo wenye kuzaa sana, upo unaostahimili shida, na ipo inayobeba kasoro kama vile kunywa maji kupita kiasi. Mkulima huipanda karibu karibu, huchagua vipandikizi vya ile iliyotoka vizuri, na hurudia mpaka apate mbegu aitakayo. Udongo una hali yake, maji yana kipimo chake, na mwanga nao una hesabu. Hatusemi kwamba mtu atatoka hapo akawa bwana shamba. Twasema kwamba wazo la kuchagua mbegu kwa subira, ambalo wataalamu wa kilimo kote duniani hutumia miaka kulifundisha, limo humo, na linafahamika.

Ipo sifa ya tatu iliyozusha kelele nyingi. Mwaka 2015 kampuni iliamua kwamba mchezaji hatachagua rangi ya ngozi yake wala sura yake. Mwili hutokana na namba ya akaunti ya mtu, naye hubaki nao daima. Mwaka 2016 uamuzi huo ukaongezwa kwa jinsia. Wazungu wengi wakaamka ufukweni ni watu weusi, wanaume wengi wakaamka ni wanawake, na malalamiko yakaandikwa kwa wingi. Kampuni haikurudi nyuma. Sisi ambao wazee wetu waliishi chini ya tawala zilizompangia mtu nafasi yake kwa kuitazama ngozi yake tunaona katika uamuzi huo jambo la kheri, hata kama waliouamua walikuwa na shabaha ya kuchekesha tu. Kila mtu amezaliwa bila ya kuulizwa. Kinachofuata ni matendo.

Basi baada ya sifa hizi msomaji atauliza ubaya u wapi. Ubaya mkubwa umo katika usingizi.

Katika michezo mingi, mtu akizima mashine yake hutoweka pamoja na mali yake mpaka atakaporudi. Katika Rust, kisiwa huendelea. Mwili wa mchezaji aliyeondoka hubaki umelala palepale alipouacha, na nyumba yake hubaki imesimama na sanduku zake ndani. Wengine wangali macho. Watavunja mlango kwa baruti, watamuua akiwa amelala, watabeba alichokichuma kwa siku nne, na wakipenda watalihodhi kabati lake la zana ili nyumba iwe yao. Yeye hana habari. Atarejea kesho jioni kutoka kazini, afungue mashine, ajikute ufukweni na jiwe mkononi. Wachezaji wana jina lao la uvamizi wa namna hii. Wengi hulilaani jina hilo, na wengi kati ya hao hao huufanya.

Hapa ndipo ustadi wa watengenezaji na hatari yake vinapokuwa kitu kimoja. Ni kwa sababu mali yaweza kupotea ndipo mlango unaposikika nje moyo hudunda, na ndipo aliyekupa kipande cha nyama bila ya kukujua huonekana ni ndugu wa kweli. Ukiondoa hatari hiyo umeondoa mchezo. Lakini hatari hiyo haina saa ya kufunga kazi. Mtu mzima mwenye ajira, mke na watoto hulala huku akiwaza ukuta wake. Wapo wanaopanga zamu za ulinzi na wenzao wa nchi nyingine, huyu akilala yule aamke, kama askari wa mpakani. Wapo wanaoweka saa iwaamshe saa tisa za usiku. Hapana anayewalazimisha, kweli. Lakini mchezo umepangwa kwa namna ambayo mwenye kulala hulipa na mwenye kukesha hupata, na aliyeupanga hivyo anajua aliyoyapanga.

Tena kuna hesabu ya baruti. Baruti ya kisiwa kile hutengenezwa kwa madini ya kiberiti na makaa, nayo huhitajika kwa maelfu ya vipande ili kubomoa nyumba moja iliyojengwa barabara. Mtu mmoja atachimba kiberiti siku kutwa apate cha kuvunjia milango miwili. Kundi la watu kumi watagawana kazi, watano wachimbe na watano walinde, na kwa jioni moja watapata cha kubomolea mtaa. Kwa hiyo usawa tuliousifu pale ufukweni hauishi muda mrefu. Siku ya kwanza wote ni wanyonge. Siku ya tatu wapo wenye ngome na bunduki, na wapo wanaotambaa vichakani kuwakwepa. Wenye ngome huwanyang'anya kuni hata walio uchi, ambao hawana cha kuwapa, na wengine hufanya hivyo kwa furaha. Sisi tuliosomeshwa katika siasa ya kupinga unyonyaji tunalijua vizuri jina la hali hii. Mali ikiwepo na sheria isiwepo, sheria huwa ni ya mwenye watu wengi.

Watengenezaji wameweka vituo vya amani kisiwani, mahali pa kuuziana, ambapo atoaye silaha hupigwa risasi na walinzi wa mashine. Ni ajabu kuona jinsi watu wale wale waliotoka kuuana wanavyopanga foleni kwa adabu mbele ya duka. Hatua chache nje ya mpaka huwindana tena. Katika kimojawapo cha vituo hivyo limewekwa gurudumu la kamari, watu huweka vyuma chakavu na kusubiri lisimame wapi. Chuma hicho si fedha, watasema. Lakini nje ya mchezo kuna soko la mapambo, yaani nguo na rangi za silaha, ambazo huuzwa kwa fedha za kweli, na zimekwisha kuzuka tovuti za watu wengine zinazopokea mapambo hayo kama dau la kamari ya kweli. Njia kutoka kwenye gurudumu la mzaha hadi kwenye gurudumu la hasara ni fupi, na dini yetu haikutuachia shaka yoyote juu ya kamari.

Kuhusu lugha tutasema kidogo, kwani haina mengi ya kuelezwa. Sauti ya kila mtu husikika na aliye karibu naye, na matusi yanayotukanwa humo, hasa ya rangi na ya wanawake, hayachapiki katika gazeti. Wadanganyifu nao ni wengi, wenye kutumia programu za kuwawezesha kuona kupitia ukuta au kulenga bila ya kukosa. Mwaka 2025 kampuni ilianzisha seva maalumu ambazo haingii ila mwenye mapambo ya thamani ya dola 15 au zaidi, kwa hoja kwamba mdanganyifu hatakubali kupoteza fedha kila anapofukuzwa. Dawa hiyo yaweza kufaa. Hata hivyo tunaona mchezo ulioanza kwa kuwavua watu wote nguo ufukweni umeishia kuwapima mfukoni mlangoni.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni hulistaajabia. Kila Alkhamisi ya kwanza ya mwezi visiwa vyote hufutwa. Ngome, mashamba, nyaya za umeme na sanduku za mali huondoka kwa pamoja, na wote hurudi ufukweni. Seva nyingine hufuta kila wiki. Wachezaji hawaichukii siku hiyo. Huisubiri, na ndiyo siku kisiwa kinapojaa. Mnyonge wa mwezi uliopita anapata nafasi mpya, na jeuri anarudishiwa jiwe lake. Mwezi wa Machi 2021 ufutaji ulikuja kwa njia nyingine: moto uliteketeza kituo cha kompyuta katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, na seva 25 za Rust za Ulaya zikaungua pamoja na kila kilichokuwamo, pasiwe na njia ya kukirejesha. Kwa wachezaji wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kufikiri kwamba kisiwa chao kilikuwa mahali fulani, ndani ya jengo linaloweza kushika moto.

Wapo watakaotujibu kwamba tunazidisha, kuwa hapana aliyekufa na hapana aliyeibiwa. Kuhusu kuni na mawe tunakubali. Saa mia mbili alizozitumia mtu kuzikusanya zilikuwa saa za kweli, zilitoka katika umri wake, na zilitoka katika nyumba yenye watu wengine.

Tunalopenda viongozi na maafisa wetu waliangalie zaidi ni hili la sheria, kwani wachezaji wenyewe wamelifanyia kazi. Mwishoni mwa mwaka 2020 kundi la watangazaji wa michezo wa Marekani liitwalo OfflineTV lilifungua seva yao wakaalika wenzao wengi, na mwezi wa Januari 2021 watazamaji waliokuwa wakiufuatilia mchezo huu kwa wakati mmoja walipita milioni moja. Zilipopita siku chache ugomvi ukazuka. Baadhi walitaka kujenga mji, kufungua maduka na kuigiza maisha. Wengine walitaka vita, kwa hoja kwamba mchezo ni wa vita. Palisemwa maneno mengi. Mwishowe wakagawanyika, seva moja ikawa ya maisha na nyingine ikawa ya mapigano, kila moja na kanuni zake. Mamilioni ya watu yalitazama jumuiya ikitunga sheria zake kwa sababu ya kuchoka.

Mfano huo si wa pekee. Zipo seva nyingi zinazoendeshwa na watu binafsi ambako msimamizi ameweka kanuni zake: pengine kundi lisizidi watu watatu, pengine mtu acheze peke yake, pengine kuua kumekatazwa kabisa na wote wanajenga tu. Zipo ambazo nyumba ya aliyeondoka haibomoleki mpaka arudi, na zipo ambazo uvamizi una saa zake, kukipita saa hizo kila mtu akalale. Pia ipo namna ya upole iliyowekwa na kampuni yenyewe, ambapo anayeuawa hurejeshewa sehemu ya mali yake. Hao wasimamizi ndio masheha wa visiwa vile. Husikiliza mashitaka, hutazama ushahidi, hufukuza wakorofi, na wengi wao hawalipwi kitu.

Kwa hiyo hatupendekezi marufuku. Marufuku ya kitu kinachoshushwa kwa intaneti chumbani mwa mtu ni karatasi tu, na yatamfanya kijana akitafute zaidi. Tunapendekeza kwanza alama ya miaka 18 ichukuliwe kwa uzito. Mwenye kukodisha mashine kwa saa katika mitaa yetu, mwenye kuuza, na mzazi anayenunua, wote waijue na waifuate, na afisa anayekagua maeneo hayo aende akiwa ameuona mchezo kwa macho yake, asije akazuia mpira wa miguu wa kompyuta na kuuacha huu kwa kutojua majina. Uchi wa mchezaji waweza kufichwa kwa kubadilisha mpangilio, lakini mauaji na sauti za wageni havifichiki kwa namna hiyo.

Pili, kwa watu wazima wanaoupenda, na wamo miongoni mwao watumishi wa umma wanaosinzia afisini asubuhi, wachague seva yenye saa za kufunga. Maelezo ya kanuni huandikwa pale mtu anapoingilia, kabla hajagusa jiwe. Ayasome, aulize kama nyumba ya mwenye kulala inalindwa, na kama hailindwi atafute nyingine, kwani zipo. Walimu wa ufundi nao wangeweza kuwachukua wanafunzi wao waliokwisha kutimiza umri katika seva isiyoruhusu mapigano, wakawapa kazi ya paneli tatu, betri moja na pampu, na wakawaachia wiki nzima wahangaike na waya.

Alkhamisi ya kwanza ya mwezi ujao visiwa vyote vitafutwa tena kama kawaida. Ni siku ya kazi na ya skuli. Wakuu wa idara na wazazi waiangalie kalenda.